Nyanya anaambiwa hajathibitisha kuwa yu hai. Nilipe elfu moja ama nifanyeje?

MjukuuKayole
Wadau, hamjambo. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Nyanya yangu ana miaka 78. Alikuwa akipata zile pesa za serikali za wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini ndizo zinazonunua dawa yake ya presha, na zikibaki anajinunulia ugoro akidhani hatujui. Mwaka jana tulimtoa mtaa aliokaa zaidi ya miaka thelathini tukamleta kwetu Kayole, hapa Nairobi, kwa sababu magoti yalishakataa ngazi. Tangu hapo pesa zikakatika.

Nikampeleka ofisi ya kule alikosajiliwa. Matatu mbili, na kutoka stejini ni kutembea pole pole huku bodaboda zikitupigia honi. Kijana wa pale akafungua kompyuta, akamtazama nyanya, akarudi kwenye kompyuta. "Mfumo unasema hajathibitisha kuwa yu hai." Nyanya yuko mbele yake, kaketi na fimbo yake. Akamwuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, nikohoe?"

Ikaletwa mashine ya alama za vidole. Kidole gumba, hapana. Cha shahada, hapana. Wakampangusa kwa kitambaa, wakampaka mafuta, bado. Huyu mama amefulia watu nguo Eastleigh maisha yake yote, vidole vimelainika kama sahani. Tukaambiwa turudi. Tumerudi mara tatu. Mara ya mwisho jamaa mmoja alitufuata hadi nje akasema kwa elfu moja jambo hili "litasukumwa".

Mke wangu anasema tulipe yaishe, elfu moja ni pesa za siku kumi na tano tu. Nyanya kakataa kabisa. Anasema hawezi kununua uhai wake mwenyewe. Nyinyi mnaonaje?

Kanyagia
Lipa kaka. Mimi nilizungushwa miezi minane kwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nauli ikapita hongo mara nne. Haki ni ya watu wenye muda.

MamaTasha
@Kanyagia wewe ndiye unatuharibia nchi. Mjukuu, usilipe. Ukilipa leo, mwezi wa sita nyanya "atakufa" tena, na bei ya kumfufua itakuwa imepanda. Mtu akishajua mlango wako unafunguka haachi kubisha.

MzeeWaMtaa
Mwanangu, pole, na umpe mama salamu zangu. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya wanufaika ya mtaa wetu, kwa hivyo nakueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Pesa hizo ni za mpango wa Inua Jamii. Zamani walichaguliwa wazee maskini tu, kwa kupigwa msasa mtaani, na hapo ndipo mambo ya kujuana yalipoingia. Kuanzia 2018 ikasemwa kila aliyefika miaka 70 aingizwe, isipokuwa wenye pensheni. Ilikuwa hatua nzuri, maana umri hauna shemeji. Lakini watu wakiwa wengi lazima wahakikiwe, kwa sababu kweli kuna marehemu waliokuwa wakilipwa na wajukuu wakila. Mashine ililetwa kwa ajili ya hao. Inawanasa pia akina mama waliofua, waliovunja kokoto, waliolima. Yaani wale wale mpango ulioundiwa.

Sasa fanya hivi. Mzee asiyeweza kushughulikia malipo mwenyewe anaruhusiwa kuwa na mlezi aliyesajiliwa, na mlezi anaweza kuwa wewe. Usirudi tena kwa yule kijana wa kompyuta. Nenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, mweleze mambo mawili kwa mpigo: mama amehama, na vidole havisomi. Pitia kwanza kwa chifu wa huko mnakoishi sasa, akuandikie barua kwamba anamfahamu na yu hai. Najua inachekesha. Ichukue tu.

SheriaKidogo
Naongezea hapo kwa mzee. Malalamiko ya mdomo yanaishia mdomoni, andika barua. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema uamuzi wa ofisi ya umma ukikuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Cha 57 kinawataja wazee moja kwa moja: wapate matunzo ya familia na ya serikali. Pia kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ina siku 21 za kukujibu. Uliza hivi: jina lilisimamishwa lini, kwa sababu gani, na malimbikizo yake yako wapi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Wakinyamaza, nenda kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, West End Towers pale Waiyaki Way. Hulipi chochote.

Na ile elfu moja, Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea.

Kanyagia
Sawa, mawakili mmenizidi. Lakini hebu tuseme ukweli, hiyo 2,000 ni ile ile kwa zaidi ya miaka kumi. Unga umepanda, kodi imepanda, nyanya bado anapewa 2,000. Hata mkishinda mmeshinda nini?

MamaTasha
Dawa ya presha. Soma swali.

Kanyagia
Haya mama, nimekaa chini.

MjukuuKayole
Narudi na habari, wadau. Asanteni sana, hasa wewe mzee.

Chifu wa huku aliandika barua siku hiyo hiyo, na hakudai chochote. Kwa kaunti ndogo tulikaa foleni toka saa mbili hadi saa saba. Nikahesabu wazee kumi na mmoja wenye shida ya vidole kama yetu, wengine walitembea toka asubuhi bila chai. Afisa ni mama wa makamo, akatusikiliza bila kushika simu. Ameandika ombi la mimi kuwa mlezi, nirudi Jumanne na kitambulisho changu na laini ya simu. Pesa hajaahidi. Malimbikizo alisema "tutaona", na mimi hiyo lugha naijua.

Ile barua ya kuuliza sababu nayo ilihitaji sahihi, na nyanya hajui kuandika. Akaletewa kidau cha wino, akabonyeza kidole gumba kwa nguvu zake zote. Ikatoka duara ya bluu, haina hata mstari mmoja. Afisa akaitazama, akatutazama, akagonga muhuri kando yake.