Naomba ushauri: vihisi vya nyumbani kwa mama yangu Busia

Binti Busia
Habari zenu wapendwa. Mama yangu ana miaka 74, anaishi peke yake Busia, upande wetu wa Uganda. Mimi niko kazini Kampala. Tangu mwaka jana kumbukumbu inampotea: dawa za presha mara anazimeza mara mbili, mara hamezi kabisa. Majuzi jirani alikuta pasi inawaka juu ya meza, mama yuko shambani. Msichana wa kazi hamtaki. Kamera nayo kaikataa: "Mnataka kunichungulia nikivaa?" Nimesikia kuna vihisi (sensa) vidogo vya kubandika kwenye vitu, vinakutumia ujumbe kitu kikiguswa. Vitamfaa mtu ambaye hata simu ya kubonyeza inamshinda? Na umeme ukikatika?

Fundi Ntinda
Pole dada. Anza na dawa. Mama asilazimike kujifunza lolote, afungue kabati lake kama kawaida. Mlangoni unabandika vipande viwili: sumaku, na swichi yenye betri kama sarafu. Mlango ukifunguliwa, sumaku inaachana na swichi, ujumbe unakufikia. Ila kufungua kabati si kumeza dawa, kwa hiyo mnunulie pia kiboksi chenye vyumba vya siku saba. Akikuta chumba cha leo kitupu, atajua ameshameza.

Pasi ichomekwe kwenye plagi janja inayopima umeme, uipange ijizime baada ya nusu saa. Pasi ya wati 2000 kwa volti 240 inavuta zaidi ya ampea 8, basi chukua plagi ya ampea 13. Ukiona inasoma sifuri kisha inapanda tena, usishtuke. Pasi ndivyo inavyotunza joto lake.

Mama Watatu
Anapikia nini? Kama ni sigiri, kengele ya moshi haitoshi. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, lakini yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Ina kengele yake maalumu, inalia palepale bila intaneti. Lakini kwanza kabisa, sigiri ikae nje.

Binti Busia
Hupikia barazani, ila mvua ikinyesha anaiingiza jikoni. Sikuwahi kulifikiria hilo. Asante sana mama.

Kijana wa Mbale
Kwa babu tulianza na kihisi cha mwendo. Hakipigi picha, kinahisi joto la mwili linaposogea. Tatizo, mtu akitulia hakimwoni! Babu anasikiliza redio kitini, sisi tunamsumbua jirani kwa simu. Tukahamia kwenye vitu anavyovigusa kila siku: mlango wa choo, mlango wa jikoni. Cha kwanza alikibandua, kile kitaa chekundu kilimnyima usingizi, na sisi hatukuwa tumemweleza kitu. Tulipokaa naye, sehemu alichagua mwenyewe, na hadi leo hajagusa. Rauta, kile kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, tumeiunga kwenye betri ya sola ili umeme ukikatika isizime.

Fundi Ntinda
Hapo kwenye rauta niongeze: tafuta kifaa kikuu, yaani kile kinachounganisha vihisi na plagi, kinachotoa amri humohumo ndani ya nyumba. Kama amri ya kuzima pasi inapitia intaneti, bando likiisha pasi itaendelea kuwaka.

Binti Busia
Mungu awabariki. Jumamosi nateremka Busia. Kabati la dawa liko chumbani kwake, chini ya picha ya marehemu baba. Nitamwomba ruhusa kabla sijabandika chochote.

Fundi Ntinda
Beba spiriti ufute mbao kwanza, gundi haishiki kwenye vumbi. Sumaku na swichi zisiachane zaidi ya sentimita moja mlango ukifungwa.