Tanga: Mgonjwa mwenye ndugu hana haki ya kuhudumiwa?

Wanajukwaa, nimefungua uzi huu kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha. Hapa Tanga, mzee aliyepooza au mtu mwenye ulemavu mkubwa anatambuliwa na ofisi za umma pale tu anapokuwa hana mtu kabisa, ndipo azungumziwe habari ya kupelekwa makazi ya wazee. Akiwa na mtoto au ndugu mmoja, basi mzigo wote ni wa huyo ndugu, na hakuna anayeuliza ndugu mwenyewe anaishije.

Mama yangu alipata kiharusi, na mdogo wangu ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Ninawatunza wote wawili nyumbani, Makorora. Nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuuliza kama upo mpango wowote wa kuwahudumia watu kama hawa mchana, hata kwa saa chache, ili nami nitoke nikatafute riziki. Afisa alijaza fomu kwa utaratibu mzuri mpaka alipofika penye ndugu wa karibu. Nilipotaja jina langu, aliweka kalamu mezani akaniambia, "Sasa dada, si wewe upo?" Faili likaishia hapo.

Ndiyo, nipo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya kiunoni na ya visigino huchubuka na kuwa vidonda vya kulalia, ambavyo vikishachimba ndani huua. Hayo nilielezwa na nesi siku mama aliporuhusiwa kutoka wodini, akanionyesha na namna ya kukunja khanga na kuiweka chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Tangu hapo hakuna mtumishi yeyote aliyekuja kutazama kama ninafanya sawasawa. Pampasi za watu wazima nanunua mwenyewe, bajaji ya kliniki nalipa mwenyewe, na mazoezi ya viungo yamesimama kwa sababu hakuna wa kubaki na mdogo wangu.

Wala si kwamba nchi haina maandishi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema matunzo katika makazi ya wazee yawe hatua ya mwisho, na familia ndiyo itangulie. Sina ugomvi na hilo, lakini familia iliyoachiwa kazi bila msaada ndiyo inayomfikisha mzee kwenye hiyo hatua ya mwisho. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda haki na ustawi wa watu wenye ulemavu walio katika maeneo yao. Ukiuliza wajibu huo unatekelezwa vipi, utajibiwa habari ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo katika hizo 10 asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Mdogo wangu hawezi kushika kijiko. Huo mkopo wa biashara ataufanyia biashara gani?

Watoto wadogo wana vituo vya kulelewa mchana vinavyosajiliwa na kukaguliwa. Kwa mtu mzima asiyejiweza, katika mtaa wetu hakuna hata chumba kimoja chenye godoro, choo anachoweza kuingia mwenye kitimwendo, na mtu aliyefunzwa kumnyanyua mgonjwa.

Kuna watakaosema sisi watu wa pwani hatuwapeleki wazazi wetu kulelewa na wageni. Aghalabu wasemao hivyo ni wanaume ambao mama zao wanaogeshwa na wake zao. Mimi sijaomba kumtupa mama yangu. Ninataka mahali pa kumpeleka asubuhi na kumchukua alasiri, kisha alale kwangu.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na madiwani ndio wanaopitisha bajeti ya halmashauri. Basi waheshimiwa madiwani wajibu hapa hapa: ni kifungu gani kinachohudumia mtu mzima asiyejiweza anayeishi kwao, na kimetengewa shilingi ngapi?