Tupeane uzoefu: mlioenda Brazil na mwenza kuwatembelea marafiki wa zamani, ilikuwaje?

Mzee wa Mikocheni
Wakuu habari za wikendi. Naanza mimi. 2023 mimi na waifu tulienda Salvador, kule Bahia, kuwaona waliokuwa majirani zetu, mtu na mkewe, Wabrazil, jamaa alikuwa huku kikazi mambo ya gesi, wakarudi kwao 2014 na kila mwaka mpya ni voisi tu "njooni njooni" mpaka ikawa aibu. Tukajichanga, viza tukaombea hapahapa Dar, ndege Addis mpaka São Paulo halafu ya ndani mpaka Salvador, aisee miguu ilivimba kama andazi.

Hofu yangu wala haikuwa vibaka kama kila mtu alivyonitisha. Mtu hujamuona miaka tisa unaenda kulala kwake siku kumi, ya kwanza mnakumbushana ya Mikocheni, ya pili picha za watoto, ya tatu je? Na kweli siku ya tatu kimya kikaanza, jamaa anatabasamu, na mimi natabasamu, tunaangalia mpira.

Kilichotuokoa ni kunde. Mama mwenyeji alikuwa kaziloweka usiku, asubuhi akamwita waifu wasugue maganda, waifu kuona zinasagwa na kitunguu akasema we, si bajia hii? Kule wanaita acarajé, ila ni kubwa kama ngumi na inakaangwa kwenye mawese, yaleyale mekundu, waifu mtu wa Kigoma harufu tu ikamtoa machozi. Halafu inapasuliwa katikati inajazwa kitu kama uji mzito wa mkate, nazi na karanga, juu kamba wakavu. Waifu akataka kutia kitunguu saumu, mwenyeji akamshika mkono "hapana hapana", maana Kiswahili chote kilichombakia ni hapana, polepole na bei gani. Wakagawana bakuli kila mtu akaange zake, sisi wanaume tukaitwa tuwe majaji. Nikasema zote tamu. Hakuna aliyefurahi. Toka hapo nyumba ilikuwa kelele mpaka siku tunaondoka.

Haya leteni zenu.

Binti Raskazone
Sisi Recife, mume wangu alisoma Maputo na jamaa wa kule. Fleti yao inatazama ufukwe wa Boa Viagem, mimi mtoto wa Tanga nikavua ndala nikakimbilia maji, mke wa jamaa akanidaka ananionyesha bango. Papa! Na si utani, papa wa pale wameshaua watu. Mnaoga maji yakipwa tu, kwenye vidimbwi nyuma ya mwamba, yanafika kiunoni. Yaani nimevuka bahari nzima kuja kukaa kwenye beseni. Ila stori zote tulipigia humohumo, watu wazima wanne tumezama kama viboko, kapita kijana na kopo la mkaa anachoma jibini kwenye kijiti, tunakula humohumo ndani ya maji.

Kijana wa Sinza
Swali, matumizi mlichangiaje? Mi nakwama hapo, kukaa bure kwa mtu siwezi.

Mzee wa Mikocheni
Hapo mdogo wangu ndo palinitesa. Kule kila kitu Pix, ni kama M-Pesa tu, muuza madafu kabandika QR kwenye boksi lake la barafu, na mimi mgeni bila CPF, namba yao ya mlipa kodi, wala akaunti ya benki ya kule sikuipata. Kadi nilikuwa nayo lakini nikiitoa jamaa keshalipa. Mwisho nikamvizia kaenda kuoga nikafanya shopping ya wiki nzima, akanuna siku nzima. Mwache anune.

Mwanamisi wa Likoni
Sisi na mzee wangu Rio, kwa rafiki yake waliofanya kazi pamoja melini. Walitupeleka hoteli ya kula kwa kilo, unajipakulia halafu sahani inapimwa kwenye mizani, mzee hakuambiwa mapema, akapanga nyama mlima wa Kilimanjaro. Kufika kwa mizani akaona namba inapanda akataka kurudisha, wapi! Wale wenyeji walicheka hadi wakashikana.

Mama Ujiji
Mimi ndo huyo waifu, maana naona mtu anasimulia nusu nusu. Machozi yalikuwa ya kitunguu. Na bajia zangu zilishinda, watoto wa pale walimaliza zangu kwanza.

Hajasema ya kanga. Nilimpelekea mwenzangu doti nzima, "Mgeni njoo mwenyeji apone", nikaichagua Kariakoo nusu siku. Tunafika ufukwe wa Porto da Barra, kaitoa kwenye kikapu kaitandika mchangani kaikalia! Moyo ulinipasuka. Kumbe kwao kitambaa cha kutandika ufukweni ndo kinaitwa hivyohivyo, canga, yeye kaona nimemletea kitu anachokijua. Ikabidi niikung'ute mchanga nimfunge lubega, ndo akaelewa.

Na kitu kingine kilichonifurahisha, kule wapo nyuma yetu masaa sita. Mama akinipigia anasema huku saa mbili usiku, naangalia saa ya ukutani ya Wabrazil, mbili mchana. Muda wote zinalingana, sikuhangaika kupiga hesabu hata siku moja.

Mzee wa Mikocheni
Sawa mama. Na kadi ya homa ya manjano uliyoiacha kwenye droo yao tukaja kusimamishwa uwanjani kwetu na mabegi, hiyo umeruka?

Mama Ujiji
Hiyo tutaiongea nyumbani.