Tupeane uzoefu: utamaduni unavyoamua kozi ya mtandaoni ifanikiwe au ikwame

Mwanzisha mada: Kozi moja, wanafunzi wa nchi mbalimbali, na kila wiki wanaojadili ni walewale. Waliobaki huitwa wavivu. Hapana! Mtu aliyelelewa kutompinga mwalimu hadharani, ukimwambia "mkosoe mkufunzi" umemweka pabaya. Leteni mbinu.

Jibu la 1: Usianze na darasa zima. Wiki mbili za kwanza tumia vikundi vya watu 4 au 5, visibadilishwe. Wajadiliane faraghani, kisha msemaji abandike jibu la kikundi, maneno 150 hivi. Hoja ikiwa ya kikundi, hakuna anayeaibika peke yake. Wiki ya 3 ndipo kila mtu ajibu kwa jina lake.

Swali nalo lisukwe upya. Badala ya "mkufunzi amekosea wapi?", uliza "njia hii ingeshindwa katika hali gani?" Ukosoaji ni uleule, ila haumgusi mtu. Na tafadhali, msitoe alama kwa idadi ya michango, mtavuna "nakubaliana nawe" tupu. Pima kama mchango una mfano, au umejibu swali la mwenzake.

Jibu la 2: Kwa Kiarabu na Kiebrania, zinazoandikwa kulia kwenda kushoto, kutafsiri maneno hakutoshi. Weka dir="rtl" (amri ya HTML inayogeuza mwelekeo) kwenye ukurasa, kisha hakikisha menyu, mshale wa "endelea" na mstari wa maendeleo vinaanzia kulia. Alama ya kucheza video isigeuzwe, na tarakimu hubaki kusomwa kushoto kwenda kulia. Panapoharibika zaidi ni michoro yenye maandishi ndani, kwani haigeuki yenyewe. Toa maandishi nje ya picha.

Jibu la 3: 03/04 ni Machi 4 kwa Mmarekani, Aprili 3 kwa Mwingereza. Andika mwezi kwa herufi, na saa ya mwisho ya kuwasilisha kazi kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia). Sehemu ya jina la ukoo isiwe ya lazima, maana Indonesia wapo wengi wenye jina moja tu.

Jibu la 4: Angalizo kwa wanaopanga kozi kwa alama za Hofstede (mtafiti Mholanzi aliyepima tamaduni za nchi kwa namba): chimbuko la alama hizo ni dodoso za wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta, kati ya 1967 na 1973, na ni wastani wa nchi. Hazimwelezi mwanafunzi aliye mbele yako. Siku ya kwanza muulize mwenyewe: usahihishwe hadharani au faraghani? Utajibu kwa sauti au kwa maandishi? Kisha mpe alichochagua.