Ada ya mgeni: mtoto anataka digrii ya IT

Mama Rehema, Columbus, Ohio
Asalaam aleikum wana-Tanga. Mwanangu kamaliza kidato cha sita, kaingia kwa grini kadi, anataka digrii ya IT. Leo ofisi ya ukaazi pale chuoni imempangia ada ya mtu wa nje ya jimbo, iliyo kubwa zaidi, eti hajatimiza miezi 12 ya kukaa hapa. Mimi nakaa na kulipa kodi hapa miaka yote! Na vyeti vya NECTA wanataka vipite WES, shirika la kutathmini vyeti vya nje. Nani anajua chuo chenye ada inayolipika? Muhula unafunguliwa mwezi wa nane.

Hamisi wa Ngamiani, Houston
Pole sana dada. Mimi nilianza komyuniti koleji, chuo cha miaka miwili, krediti 60, nyingine 60 nikamalizia chuo kikuu cha jimbo. Digrii ni ileile. Ila huko koleji asikubali kuwekwa digrii ya miaka miwili ya A.A.S., achukue A.S., ndiyo ya kuhamia chuo kikuu. Mshauri aliniweka A.A.S. ya mitandao, ambayo ni ya kumpeleka mtu kazini. Nilipohama masomo kibao yakakataliwa, na hela yangu ikapotea. Kabla ya kusajili somo, apate kwa maandishi kwamba litahamishika.

Bi Mwanaisha, Minneapolis
Hamisi, soma swali kwanza. Mwenzio ana kesi ya ukaazi. Mama Rehema, kijana akiwa bado tegemezi lako, majimbo mengi yanaangalia ukaazi wa mzazi. Kata rufaa kwa maandishi, ambatisha ritani za kodi, mkataba wa nyumba na leseni yako. WES si lazima kila mahali. Vyuo vingi vinapokea tathmini ya shirika lolote lililomo NACES, umoja wa mashirika hayo, uliza. Na FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, mmeshajaza? Mwenye grini kadi anastahili. Pell Grant, ruzuku ya serikali, ya 2025-26 inafika dola 7,395 na hairudishwi.

Salim, Seattle
Shikamoo Bi Mwanaisha. Naongezea WGU, chuo kikuu cha mtandaoni. Unalipa kwa muhula wa miezi sita, siyo kwa krediti, kwa hiyo ukikaza ukamaliza masomo mengi bei haipandi. Mitihani ya vyeti vya IT vya CompTIA imo humo humo kwenye ada. Nimesoma hivyo huku nafanya kazi za usiku.

Bi Mwanaisha
Marahaba. Lakini sema yote, Salim. Yote ni mtandaoni, kwa hiyo mwenye kutaka viza ya mwanafunzi, F-1, asihangaike, fomu ya I-20 ya kuombea viza hapati. Na kijana aliyetoka juzi kidato cha sita, umfungie chumbani na kompyuta peke yake? Mimi sishauri.

Abdallah, Dortmund
Mnajitesa Marekani. Huku Ujerumani vyuo vya umma vingi havitozi ada kabisa.

Hamisi wa Ngamiani
Isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, tangu 2017 asiye wa Umoja wa Ulaya analipa euro 1,500 kila muhula. Na ile akaunti ya kufungiwa, hela ya kujikimu unayoiweka benki kabla ya viza, euro 11,904 kwa mwaka, umeisahau? Halafu mtoto ana grini kadi. Akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi anaihatarisha.

Abdallah, Dortmund
Hela ya akaunti ni yako, unaila mwenyewe kila mwezi. Usiite ada. Na popote atakaposoma, kama ana nia ya kurudi nyumbani, aangalie TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, wanaitambuaje digrii hiyo. Tanga inahitaji vijana wa TEHAMA, bandari imepanuliwa, bomba la mafuta linaishia Chongoleani. Mimi nikipata kazi ya kueleweka pale, narudi. Nimechoka kula samaki wa barafu wakati wenzangu wananunua wabichi soko la Deep Sea.

Mama Rehema
Ahsanteni. Rufaa naandika usiku huu, na FAFSA tunajaza. Sasa nitajieni chuo, Ohio hii hii, aliyesoma mwenyewe IT.

Salim, Seattle
Abdallah, utarudi kama nani? Pasi yako ya Kijerumani, uraia wa kwetu umeshakutoka. Hadhi maalum wanayopewa wenye asili ya Tanzania siyo uraia pacha, kura hupigi.

Abdallah, Dortmund
Nani kakwambia nina pasi ya Kijerumani? Yangu ni ya Tanzania, na inaisha mwakani. Aliye karibu na ubalozi Berlin aniambie foleni ikoje siku hizi.