Ziara ya chekechea: shamba la ng'ombe wa maziwa au kihamba cha Kibosho?

Mama Chekechea: Habari za jioni, wanajukwaa. Chekechea yetu hapa Moshi inaandaa ziara ya shambani, na wazazi tunatakiwa kuchagua kabla ya Ijumaa kati ya shamba kubwa la ng'ombe wa maziwa na kihamba cha familia, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, huko Kibosho kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Watoto watajifunza zaidi wapi?

Mzee wa Mbuni: Dada, hujataja umri wa watoto, idadi yao wala mwezi wa safari, wakati wa masika njia za huko huwa tope tupu. Hata hivyo, mimi nachagua kihamba, kwa sababu mtoto anamwona ng'ombe akilishwa majani ya mgomba zizini, samadi ikirudishwa kwenye mashina ya migomba hiyohiyo, na mibuni ikistawi kivulini mwake, yote bila kutembea mbali.

Mwalimu wa Awali: Naunga mkono. Niliwahi kupeleka darasa langu kwenye shamba kubwa ambalo sitalitaja. Watoto walisimamishwa nje ya uzio juani, wakasomewa idadi ya lita zinazokamuliwa kwa siku, na hakuna aliyeruhusiwa hata kumpa ndama majani. Ulipofika wakati wa kula hapakuwa na maji ya kunawa, nasi tukawarudisha watoto kwenye gari wakiwa na njaa. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa kushika, kunusa na kuuliza.

Mama Chekechea: Wana miaka 4 hadi 6, wako 40, nasi tutakwenda Julai.

Mganga wa Mifugo: Popote mtakapokwenda, bebeni sabuni na maji, na watoto wasipewe maziwa mabichi, kwani ugonjwa wa brusela humfikia binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa.

Mzee wa Mbuni: Sisi tumekuzwa kwa mtindi wa maziwa hayohayo, daktari.

Mganga wa Mifugo: Mzee wangu, kugandisha maziwa si kuyachemsha, na wapo waliougua homa za muda mrefu bila kujua chanzo chake.

Bibi Bustani: Tusiisahau ziara. Kwa maoni yangu siku moja haitoshi, kwa kuwa somo kubwa la shamba ni kungoja: pandeni mchicha shuleni, watoto wauchume baada ya wiki tatu au nne, au atamisheni kuku wahesabu siku 21. Isitoshe, watoto 40 ni wengi mno kwa kihamba kimoja. Je, familia hiyo imekubali kuwapokea wote kwa pamoja?

Mama Chekechea: Bado hatujawauliza, bibi. Nitawapigia kesho asubuhi.

Mzee wa Mbuni: Waulize pia kama ng'ombe wao wamepimwa, ili daktari aridhike.