Tupeane uzoefu: mjeledi wa bei nafuu kwa vazi la Indiana Jones

Wakuu, habari za muda huu.

Walio Marekani na Ulaya wanajiandaa na Halloween ya tarehe 31 Oktoba, ile jioni ya kuvaa kama wahusika na watoto kupita nyumba kwa nyumba, na wenzetu wa Nairobi wana mikusanyiko yao ya kosplei, yaani ya kuvaa kama wahusika wa filamu na katuni, kama NAICCON. Kwa wanaotaka vazi la Indiana Jones, yule mwanaakiolojia wa filamu mwenye kofia na mjeledi, swali linalonifikia kila msimu ni moja: kofia nimepata, koti la ngozi nimeokota mtumbani, mjeledi nitoe wapi bila kuumia mfukoni? Naomba tukusanye hapa uzoefu wa kila aliyewahi kununua, kusuka au kuazima, ili anayeanza leo asitupe hela.

Naanza mimi. Kabla hujafungua duka lolote la mtandaoni, amua kwanza kama mjeledi wako utaning'inia kiunoni tu au utaupiga ulie. Hayo ni mahitaji mawili yasiyokaribiana hata kidogo, na asiyeyatenganisha ndiye anayelipa mara mbili.

Mijeledi ya filamu ya kwanza ya Indiana Jones, ile ya 1981, ilisukwa na David Morgan wa jimbo la Washington, kwa ngozi ya kangaruu. Mpini wake una urefu wa inchi 8 hivi, na mjeledi unaoonekana zaidi ni wa futi 10. Sababu ya kangaruu ni kwamba ngozi yake ni imara kuliko ya ng'ombe ya unene uleule, hivyo fundi anaweza kukata nyuzi nyembamba nyingi na msuko ukabaki mlaini na mgumu kukatika. Kazi ya namna hiyo leo ni mamia ya dola, na inastahili bei yake. Lakini kama mjeledi wako utakaa kiunoni usiku kucha, hakuna atakayesogea kuhesabu nyuzi.

Mtu akiwa hatua tatu mbali anaona rangi, anaona kama unene unapungua kutoka kwenye mpini kwenda kwenye ncha, anaona fundo la duara kwenye kitako cha mpini, na anaona mjeledi ulivyolala kwenye mkunjo. Hela yako ndogo iende huko. Ule wa dola 10 hadi 20 wa maduka ya mavazi ya sherehe huanguka hasa kwenye mkunjo: ni mwepesi mno, na ukishaukunja unafumuka kama waya wa antena. Nikilazimika kuununua, nauongezea uzito ndani ya mpini na kuufunga mkunjo kwa kikanda kile kile kinachoushikilia kwenye mkanda.

Urefu: futi 6 au 8 zinatosha. Mkunjo wa futi 10 kwa mtu mfupi unashuka hadi karibu na goti na unamsumbua akikaa.

Tena angalieni picha, msiamini jina la bidhaa. Kuna mijeledi ya wachunga ng'ombe wa Australia yenye fimbo ndefu iliyounganishwa na kamba kwa kiungo cha ngozi, na kuna isiyo na mpini mgumu kabisa. Yote ni mizuri kwa kazi yake, ila kwa vazi hili unataka mpini mfupi mgumu ambao msuko wake unaendelea moja kwa moja hadi kwenye mwili wa mjeledi. Haya, karibuni.

Mama wa Watatu, Minneapolis

Asante kwa kuanzisha. Mimi nazungumzia watoto, maana mwanangu wa kati aling'ang'ania vazi hili. Shule yao hairuhusu kitu chochote kinachofanana na silaha, kwa hiyo mjeledi ulikuwa wa kuzunguka nao mitaani jioni tu. Sikununua. Nilichukua taiti mbili za zamani za kahawia, nikazikata vipande virefu, nikasuka msuko wa kawaida wa vipande vitatu, na ndani ya sehemu ya mpini nikaingiza bomba la kadibodi la karatasi ya jikoni nililolikunja liwe jembamba. Nje nikalizungushia utepe wa kitambaa.

Kwa mtoto, kina mama wenzangu, urefu usizidi mita moja. Mjeledi mrefu atajikwaa nao kwenye ngazi za watu gizani, na wakianza kucheza wenyewe kwa wenyewe kamba inaweza kuzunguka shingo. Mimi niliushona kwenye mkanda kwa velkro, ukivutwa kwa nguvu unaachia wote. Kila nyumba tuliyogonga walimtambua yeye ni nani kabla hajasema neno.

Fundi Kariokor, Nairobi

Wadau, ngozi ninaijua, hebu niwape hii bila kuficha.

Ukija kwetu sokoni usiulize ngozi nzima. Ulizia mabaki ya wanaotengeneza viatu na mikanda. Shida ya mabaki ni ufupi, na mjeledi unataka nyuzi ndefu zisizounganishwa. Dawa yake ni kukata kwa kuzunguka: chukua kipande kilicho karibu na mviringo, anza pembeni, zungusha kisu kuelekea katikati, na kipande cha ukubwa wa sahani kinakupa uzi wa mita kadhaa. Ukishaukata, uloweshe kidogo na uuvute unyooke kabla hujasuka, la sivyo utavutika baadaye na msuko utalegea.

Kwa mjeledi wa vazi, nyuzi nne zinatosha kabisa. Kata kila uzi ukiwa mpana kwa mpini na ukipungua taratibu kuelekea mwisho, kwa sababu hapo ndipo umbo linapotoka. Katikati weka kiini, yaani kipande cha ngozi kilichokatwa kwa kupungua vilevile, usuke nyuzi zako juu yake. Mwisho wa msuko funga ukanda mmoja wa ngozi usiosukwa, wa futi mbili hivi. Ukimaliza, laza mjeledi sakafuni, weka ubao juu na uuviringishe mbele na nyuma huku umeukandamiza. Msuko uliokuwa na kona unageuka kuwa wa duara, na mteja anadhani umetumia mashine.

Rangi: watu hupaka kiwi ya viatu peke yake, halafu suruali ya kaki inachafuka yote upande mmoja. Tumia rangi ya ngozi yenyewe, iache ikauke usiku mzima, sugua kwa kitambaa kikavu hadi kisitoke na rangi, ndipo upake kiwi kidogo ya kung'arisha.

Chipukizi Arusha

Wakuu samahani kwa swali la mgeni. Hiyo ya nailoni ninayoiona mtandaoni, inalia kweli au ni ya kuvaa tu?

Msukaji, Columbus Ohio

Mdogo wangu, inalia, tena vizuri. Mlio ule ni wa hewa: ukipiga, mkunjo unasafiri kutoka mkononi kuelekea mwisho, na kadiri mjeledi unavyozidi kuwa mwembamba na mwepesi ndivyo mkunjo unavyozidi kasi, hadi sehemu ya mwisho inapita kasi ya sauti, karibu mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo kinachotakiwa ni uzito unaopungua kwa mpangilio, na nailoni inaweza kutoa hilo sawa na ngozi. Florida wachunga ng'ombe wanatumia ya nailoni kwa sababu haiogopi mvua.

Mimi nasuka kwa kamba ya parashuti, ile ya milimita 4 inayobeba kilo 250 hivi. Unatoa nyuzi nyembamba zilizo ndani, unabaki na ganda lake ambalo linalala bapa na kusukika vizuri. Ndani ya kiini najaza vipira vidogo vya chuma vya bunduki ya upepo ili kuwe na uzito karibu na mpini, kisha nasuka tabaka la kwanza fupi, la pili refu zaidi juu yake, halafu la nje. Kila inapofikia hatua ya kupungua, naingiza nyuzi mbili ndani na kuendelea na zilizobaki. Mjeledi wa futi 6 unakula zaidi ya mita 30 za kamba, sasa piga hesabu ya bei ya kwenu kabla hujaanza. Ncha za nailoni unaziziba kwa moto wa kiberiti, na usizibonyeze kwa kidole zikiwa moto, nailoni iliyoyeyuka inang'ang'ania ngozi.

Kasoro yake kwa vazi ni mng'ao. Chagua kahawia iliyopauka, changanya na kahawia nyeusi, na kwenye picha huoni tofauti.

Sasa nasema hili kwa uzito wote: mjeledi wa dukani wa plastiki usijaribu kuupiga ulie. Mwisho wake unaweza kuchomoka na kuruka usoni mwa mtu. Na mwenye mjeledi wa kweli anapojifunza avae miwani ya kinga, kofia na mikono mirefu, na asiwe na mtu, mbwa wala gari ndani ya urefu wa mjeledi pamoja na mkono wake, pande zote, nyuma ikiwemo.

Kijana wa Mombasa

Nami nichangie la pwani. Ngozi bandia kwetu haidumu. Ule unyevu unailegeza, tabaka la juu linaanza kumenyeka, na ukiutoa kabatini mwaka unaofuata mkononi unabaki na maganda. Ngozi halisi nayo inaota ukungu ikifungiwa kwenye mfuko wa plastiki. Kwa hiyo mimi nilienda na nailoni. Aliyenisukia ni mamangu, ambaye amesuka ukili wa mikeka tangu usichana. Msuko wa duara hakuwa ameuzoea, lakini mkono wake unavuta kila uzi kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo ndilo linalowashinda wengi. Sisi wengine tukisuka, kunabana hapa kunalegea pale, na mjeledi unapinda wenyewe. Kama nyumbani kuna mama au bibi mwenye mkono huo, mwombe kwa heshima na ukae chini ujifunze.

Dada Birmingham

Ongezeni hili: someni masharti ya mkusanyiko kabla ya kununua. Kwenye mengi huku vifaa vinakaguliwa mlangoni, na mijeledi inaruhusiwa ikiwa imekunjwa na kufungwa, au hairuhusiwi kabisa. Aliyenunua wa ngozi wa gharama anauacha kwenye begi. Wa kitambaa au sponji mara nyingi hupita bila maneno.

Kwa picha ya mjeledi ukiwa hewani huhitaji kuupiga. Rafiki anashika ncha kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, anasimama nje ya fremu, mpiga picha anapiga.

Mzee wa Jukwaa, Bagamoyo

Wanangu, kwenye maigizo tumetumia kamba ya katani miaka mingi. Ni rahisi, nzito kiasi, inalala vizuri. Pitisha moto haraka kuondoa manyoya yake, mkiwa na ndoo ya maji karibu, kisha ichovye kwenye kahawa nzito au rangi ya kitambaa. Mpini ni kipande cha mti kilichozungushiwa ngozi kuukuu. Kuhusu mlio, jukwaani hatupigi mjeledi karibu na waigizaji. Mtu anasimama nyuma ya pazia na mbao mbili bapa zilizounganishwa kwa bawaba, anazigonga pamoja mkono wa mwigizaji unaposhuka. Hata okestra kubwa za muziki hutumia kifaa hichohicho kutoa sauti ya mjeledi.

Chipukizi Arusha

Shikamoo mzee. Wakuu, nimewasoma wote. Wangu ni wa kiunoni tu, sherehe ya chuo, na hela yangu ni ndogo sana.

Mwanzisha uzi

Basi mdogo wangu, fuata ya mzee kwa mwili na mpini, na ya fundi kwa ngozi. Nunua katani ya nyuzi tatu, futi 7. Kuanzia nusu yake, fumua uzi mmoja na uukate ili ibaki miwili, na robo ya mwisho ubaki mmoja, hapo umepata unene unaopungua bila kusuka chochote. Kila unapokatia, funga kwa uzi imara wa fundi viatu. Mpini ni kipande cha mti cha inchi 8, zungushia mabaki ya ngozi yaliyoloweshwa, yatakaza yakikauka. Kwenye kitako funga lile fundo la duara, linalofanana na kilemba, kwa kikanda chembamba cha ngozi, hapo usiharakishe maana ndipo macho yanapotua. Tuma picha ya mpini kabla hujapaka rangi, Fundi Kariokor akuangalizie.